Maji Yacheze, Yasiteme

Mume wangu aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa mimi, wala kitanda alichotandikiwa na binti yetu, wala sufuria ya wali niliyoiacha wazi makusudi ili harufu imkaribishe. Alitazama tangi lake la kioo. Alilitazama kwa muda, mkono wa kulia umelala mapajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeuweka pale akausahau, halafu akageuza uso ukutani.

Sikuumia moyo. Nilikuwa nashukuru tu kwamba kuna uso wa kugeuzwa. Kiharusi kilipompata tulidhani tutamrudisha hapa mtaani kwetu Merebank ndani ya sanduku, na yeye amerudi kwenye kiti cha magurudumu, akinung'unika kuhusu mashimo ya barabarani.

Lakini lile tangi, kweli, lilikuwa linasikitisha.

Niwaeleze lilivyo. Ni refu kama kitanda cha mtoto mkubwa, liko sebuleni upande wa mashariki. Ndani kuna maji ya chumvi anayoyachanganya mwenyewe kwenye pipa, mawe ya baharini yenye matundu, samaki wadogo, na matumbawe yaliyo hai. Siku alipostaafu karakana ya mabasi wenzake walimuuliza anataka zawadi gani. Wengine hupewa saa ya ukutani. Yeye akaomba kipande cha tumbawe la nyundo. Wakamletea kichwa kimoja, si kirefu kuliko kidole gumba changu, kimegandishwa kwa gundi kwenye jiwe. Nikacheka, nikasema, "Miaka yote ile chini ya mabasi, wakakupa kiroboto cha baharini!"

Kile kiroboto kikagawanyika kikawa vichwa viwili, viwili vikawa vinne, hadi kikawa kichaka cha kujaza sinia. Rangi yake kijani cha ndimu, na kila kijividole kina ncha iliyolala kama nyundo ndogo. Maji yakipita, vidole vyote vinayumba pamoja. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe walikuwa wanalala humo, mume na mke, wanasukumana kama watu wenye blanketi moja.

Sasa kichaka kilikuwa kimefunga. Nyama imerudi ndani ya mifupa kama fizi za mzee. Nyuma ya mawe kulikuwa na utando mwekundu unaoteleza, na wale samaki wawili walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wanahema kama waliopanda ngazi. Na mimi nilikuwa nimewalisha! Nilikuwa nimeongeza maji kila yalipopungua, yasiyo na chumvi, kama nilivyomwona yeye akifanya, kwa sababu maji hukauka lakini chumvi hubaki. Hata umeme ulipokatika nilihakikisha ile betri yake ya akiba imeshika kazi. Sikuelewa nilichokosea.

Binti yetu, Roshnee, alinivuta jikoni.

"Mama, usinikasirikie. Nimeshampata mtu. Anaitwa Yuvaraj, anakaa mtaa wa Phoenix, anafuga vitu hivi hivi. Jumapili anakuja kulinunua na kulichukua lote."

"Baba yako anajua?"

"Nimemuuliza. Amesema achukue."

Kutoka sebuleni sauti ya mume wangu ikaja, nzito, kila neno limevutwa kama gunia: "A-chukue."

Roshnee hakuwa na ubaya. Aliniona nina mgonjwa wa kuogesha na kulisha, akaona aniondolee mzigo mmoja. Lakini aliona mzigo mahali ambapo mimi niliona kamba inayomshikilia. Mama wa mazoezi ya viungo kule hospitali alikuwa ameshatuambia kwamba ule mkono utarudi iwapo mwenyewe atautaka. Akampa mpira wa kuminya. Mpira ukakaa kwenye sahani siku nzima kama chungwa ambalo hakuna anayelitaka. Hata kula, alikataa kushika chakula kwa mkono wa kushoto, kwa sababu sisi hatuli kwa mkono huo, hatutoi nao wala hatupokei nao. Afadhali nimlishe kama ndege. Nikajisemea, tangi likitoka mlango huu, mwenyewe atalifuata.

"Basi tusubiri hiyo Jumapili," nikamwambia Roshnee. "Lakini kabla yake niacheni nilihangaikie."

"Mama, wewe hujui kitu kuhusu matumbawe."

"Nilikuwa najua nini kuhusu watoto nilipokuzaa wewe?"

Akaniacha.

Nikaanza kwa akili yangu. Ndani ya tangi kuna pampu mbili ndogo, mviringo, kila moja ina feni ndani yake na sumaku inayoishikilia kwenye kioo. Nikafikiri, mgonjwa hupepewa. Nikaigeuza pampu moja ikalitazama lile tumbawe usoni, ikalipulizia. Asubuhi nikakuta upande ule nyama imelala, imeng'ang'ania mfupa, na sehemu moja imechanika.

Mume wangu aliniona nimesimama pale. "Una-liua," akasema.

"Basi niambie nifanye nini, Baba Roshnee."

Akafumba macho.

Nikaenda zangu jikoni kupika dengu. Na kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa sebuleni, nikawa nakoroga bila kuangalia, katikati tu, katikati tu, mwiko unazunguka kama punda wa kinu.

"Inaungua!"

Nilishtuka nikaangusha mwiko. Lilikuwa neno zima, halijavutwa hata kidogo. Nikachungulia. Alikuwa ameinua kichwa, pua juu.

"Ahaa! Ulimi wa kunisema kazini haukupata kiharusi!"

Akacheka upande mmoja wa mdomo. Kicheko chake cha kwanza tangu arudi, nikakimeza kama dawa. Halafu akasema, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache: "Unakoroga katikati. Pembeni... kumelala. Ndipo kunapoungua." Akanyanyua kidevu kuelekea tangi. "Na huko... hivyo hivyo."

Nikazima jiko. Nikavuta kiti chake hadi mbele ya kioo. Sikumbembeleza, sikumwambia habari ya kupona wala ya Jumapili. Nilimwambia tu, "Haya, nionyeshe kulikolala."

Akanituma nitoe kamba wa baharini kwenye friza, niwaponde na maji yao, nivute ule mchuzi kwa bomba la sindano, niuachie ndani ya tangi kidogo kidogo, kisha nitazame vile vipande vinakwenda wapi. Ni jambo zuri kulitazama, maana maji huyaoni yanavyokwenda mpaka yabebe kitu. Mbele, vipande vilikimbia vyote kwa njia moja, kama watu wanaotoka kiwandani. Nyuma ya mawe vilizama polepole, vikatua juu ya ule utando mwekundu, havikusogea tena. Na vile nilivyoviachia juu kabisa havikuzama wala kutembea. Vilinata. Nikainama. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa, kama ya mchuzi uliopoa.

Alichovya kidole cha kushoto pale juu, akakinusa.

"Samli," akasema.

Akageuza kichwa, nami nikageuza changu, na sote tukatazama mahali pamoja: kirafu cha ibada, pembeni kabisa ya tangi, penye picha za miungu yetu na ile taa ya shaba ambayo ilikuwa inawaka mfululizo tangu alipoanguka. Taa ya samli. Na kafuri, na ubani, na bajia zilizokaangwa kwa ajili ya watu waliokuja kumwombea kila Ijumaa, moshi wake umetanda nyumba nzima.

"Moshi hupanda," nikasema, "kisha hushuka. Umeshukia hapa."

"Hiyo pampu ya kushoto... ilikuwa inatazama juu. Kazi yake kuivunja hiyo ngozi, samaki wapate hewa. Nani ameitazamisha chini?"

Mimi sikuigusa ile. Roshnee hagusi chochote chenye maji ya chumvi, kwa ajili ya kucha zake.

Mchana akaja wifi yangu, Muniamma, dada mkubwa wa mume wangu, na bakuli la suji tamu chini ya upindo wa sari. Muniamma haji mahali mikono mitupu wala mdomo mtupu.

"Mmekaa mbele ya samaki kama mnangoja sinema! Wifi, umemlisha mdogo wangu? Mbona shavu limeingia ndani?"

"Nimemlisha, wifi. Shavu ni lake."

"Dada," mume wangu akasema. "Ile pampu."

"Pampu gani?"

"Ya kushoto."

Muniamma akatazama, akaweka bakuli mezani. "Ah, ile ya kutematema! Siku ile ya ibada kubwa, watu wamejaa, mimi nakuwashia taa, yenyewe puu! puu! Ikawatemea miungu usoni. Taa ikazimika mara mbili. Nikachukua mwiko wa wifi nikaisukuma ikatazama chini. Ikanyamaza, tukaomba kwa amani." Alikuwa anatabasamu, kisha akaona tunavyomtazama, na tabasamu likashuka polepole. "Kwani... ndiyo hiyo?"

Mume wangu akaelekeza kidevu kwa samaki.

"Ilikuwa feni tu," akasema kwa sauti ndogo. "Wifi, mimi nilidhani ni feni tu."

Mkono wake ulikuwa kinywani. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akija kila Ijumaa, magoti yake yakiuma, kufukiza chumba hadi chumba kwa ajili ya mdogo wake, wakati mimi niko hospitali. Alilala kwenye kochi langu ili nisirudi kwenye nyumba yenye giza. Ningemlaumu kwa lipi? Nilitaka kusema, lakini mume wangu alinitangulia.

"Dada. Umeniombea mimi nipone... ukawazibia samaki pua."

Muniamma akamtazama, akaona ule mdomo uliopinda unacheka. Akajikusanya papo hapo. "Na wewe umepona, na samaki wenyewe hao bado wanahema. Sasa unanidai nini?"

Tukacheka wote watatu, yeye huku anajifuta macho. Kisha akaanza kuondoa picha za miungu kwenye kirafu, moja moja, akizipangusa chumvi kwa ncha ya sari.

"Unazipeleka wapi, wifi? Huo ndio upande wa mashariki."

"Jikoni kwako mashariki hakupo? Jua huwa linachomozea sebuleni peke yake?" Akaichukua na taa. "Kuhama si shida kwa Mungu. Wenye makochi ndio wanaosumbuka."

Basi kazi ikaanza. Mwenye maarifa alikaa kwenye kiti, mimi nikawa mikono, Muniamma akashika taulo na tochi.

"Umeme kwanza!" mume wangu akafoka. "Chomoa kabla hujaingiza mkono! Mgonjwa mmoja anatosha."

Nikachomoa. Nikalaza karatasi nyeupe ya jikoni juu ya maji, nikaivuta taratibu, ikaondoka na ile ngozi ya samli. Nikarudia mpaka karatasi ikatoka haina mng'ao. Kisha nikazamisha mkono hadi kwapani, nikasogeza mawe mbele, kiganja kizima kati yao na kioo cha nyuma, ili maji yapate uchochoro wa kupita. Bomba linalorudisha maji kutoka kwenye sanduku la kuchujia lililo chini ya tangi nikalielekeza kwenye uchochoro huo huo. Utando mwekundu nikaunyonya kwa mpira, ukaishia kwenye ndoo. Muniamma akasema unafanana na kamasi za mkwewe.

Zikabaki pampu. Ya kushoto nikaipandisha karibu na juu, imeinua uso kidogo. Ya kulia nikaiweka chini zaidi, upande wa pili, lakini isiitazame mwenzake macho kwa macho.

"Igeuze kidogo... ilenge kioo cha mbele," akasema. "Maji yagonge, yarudi, yakutane na mengine. Yagombane hapo katikati. Tumbawe lisipigwe na yeyote. Lipate... ule upepo wa ugomvi tu."

"Kama mimi nikikaa kati yako na dada yako."

"Hivyo hivyo."

Tukawasha. Ya kushoto ikatema hadi kwenye zulia.

"Mnaona sasa!" Muniamma akapiga kelele, ameshinda. "Si niliwaambia inatema? Maji yacheze, yasiteme!"

Nikaishusha unywele mmoja. Bado inatema. Nikaishusha tena. Juu ya maji kukawa na mikunjo midogo midogo, kama shuka unapolitikisa kabla ya kulitandika, na hakuna tone lililoruka nje. Mume wangu akaniambia niunganishe kile kisanduku cha saa, ili pampu zipokezane, moja ikifanya kazi nyingine ipumzike, kisha zibadilishane. Bahari haisukumi upande mmoja kutwa, alisema, huenda na kurudi. Kitu kisichorudi humchosha hata aliyesimama imara.

Waya wa pampu ya kulia ulikuwa umeteleza, unaning'inia ukingoni. Nikageuka kuuchukua nikakuta umeshashikwa. Vidole vyake vya kulia viliukamata, dhaifu, kama mtoto mchanga anavyokamata kidole cha mtu. Mwenyewe hakuwa na habari. Macho yake yalikuwa majini. Muniamma akafungua kinywa kusema, nikamkanyaga mguu. Akanyamaza, na kwa Muniamma huo nao ni muujiza.

Nikaachia mchuzi wa kamba tena. Vipande vikaenda, vikagonga kioo, vikarudi, vikapotelea nyuma ya mawe. Tukangoja. Vikatokea upande wa pili. Hapakuwa na kilicholala.

Jioni samaki waliteremka kutoka juu. Lakini tumbawe halikufunguka. Siku iliyofuata halikufunguka, na iliyofuata pia. Nilikuwa naamka naenda kulitazama kabla ya kuwasha chai, na mume wangu alikuwa ananiita kutoka kitandani, "Vipi?" nami nasema, "Bado." Hakugeuza uso ukutani tena, lakini hata mpira wa kuminya hakuugusa. Jumamosi kichwa kimoja cha pembeni kikatoa vidole, vifupi, kama konokono anayejaribu hewa. Nikakisukuma kiti chake kwa haraka hadi kikajigonga mlangoni.

Jumapili Yuvaraj akafika na gari dogo la mizigo, ndoo zimepangana nyuma, mipira ya kunyonyea maji shingoni kama mashada ya maua. Kijana mnene, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Roshnee akamwonyesha njia. Akasimama mbele ya tangi, akainama, pua karibu na kioo.

Vichwa vingi vilikuwa vimefunguka. Si vyote. Ule upande nilioupulizia mimi ulibaki mfupa mtupu, na uko hivyo hadi leo. Lakini vilivyobaki vilikuwa vinayumba, huku na kule, kijani cha ndimu, na wale wawili wa rangi ya chungwa wamo ndani, wanasukumana.

"Mzee," Yuvaraj akasema, "huyu niliambiwa anakufa."

"Alikuwa anakufa."

"Nani amepanga hizi pampu?"

Mume wangu akanyanyua kidevu. "Huyu alizishika. Yule kule jikoni aliigeuza moja."

"Mdogo wangu, usinianze mbele ya wageni!" Muniamma akasema kutoka jikoni alikokuwa anaweka mafuta kwenye taa.

Roshnee alikuwa anamtazama baba yake. Nadhani alikuwa amesikia nilichosikia mimi: maneno hayakuvutwa.

"Kijana, nisamehe," mume wangu akasema. "Umetoka mbali. Siuzi."

Yuvaraj akatazama ndoo zake kupitia mlangoni. "Nilishaliona mwenyewe nilipoingia," akasema, akacheka kidogo kwa majuto. "Ningekuwa mimi, nisingeuza pia."

"Lakini hutaondoka hivi hivi. Mimi nilianza kwa kupewa." Akaniambia, "Pathma, lile jiwe dogo, la uyoga."

Kona ya mbele kulikuwa na jiwe lenye uyoga wa baharini, wa zambarau, mgumu kufa. Nililitoa, nikamsogezea mume wangu kwenye mkono wa kushoto, maana ndio unaofanya kazi. Hakulipokea. Aliutazama mkono wangu, akautazama wake.

"Hatutoi kwa kushoto," akasema.

Niliweka jiwe kwenye kiganja cha kulia, mapajani. Vidole vikalifunga kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mkono ukainuka. Ulitetemeka, ukashuka, ukainuka tena, maji ya chumvi yanadondoka njia nzima. Yuvaraj hakuufuata kuurahisishia. Nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote: alisimama pale pale, viganja vyake vyote viwili wazi, akangoja mpaka jiwe likafika lenyewe.

Roshnee alikuwa analia. Mimi nilikuwa nalia. Muniamma alikuja mlangoni na kitambaa cha taa mkononi, akatuangalia wote, akaangalia chini.

"Mdogo wangu," akasema, "umelowesha zulia lote."

Akapiga magoti, yale magoti yake yanayouma, akaanza kufuta.